Boti inaruka gia ya mbele nikiongeza resi, rivasi iko poa. Fundi anataka nibadili gia boksi nzima, nishaurini

Mwana_Kibirizi
Wakuu habari za jioni, nawasalimu kutoka huku mwisho wa reli, Kigoma, Ziwa Tanganyika. Naenda moja kwa moja kwenye mada maana nimechoka na hii kitu.

Nina boti ya fiba ya zamani, futi 21, nilinunua mwaka jana kwa jamaa aliyekuwa anapelekea wageni Gombe. Injini ni Yamaha 40 tustroki, ya usukani, sio ile ya kushika mkono. Yaani pembeni ya dereva kuna boksi la mkono wa gia na nyaya mbili zinaenda nyuma, mmoja wa resi mmoja wa gia. Nabeba abiria na mizigo midogo Kibirizi kwenda Mwamgongo, mara moja moja Kagunga wakipatikana watu wa kuchangia mafuta.

Sasa tatizo. Silensa (ile resi ya chini kabisa) iko vizuri, naingiza mbele inaingia, boti inatembea. Nikishaongeza resi kuvuka nusu inapiga KHA, inaachia, injini inapiga kelele peke yake halafu inashika tena KHA, boti nzima inatikisika mpaka abiria wanaanza kuomba. Nikipunguza inatulia. Rivasi haina shida kabisa. Juzi tumetoka Mwamgongo na dagaa wa mtu magunia nane, kusi limechafuka, mbele ikakataa kabisa, nikarudi kinyumenyume kipande kizima mpaka tukapata sehemu ya kujibanza. Mawimbi yanaingia kwa nyuma, tunachota maji kwa ndoo, sitaki kukumbuka.

Fundi wangu wa hapa amesema gia boksi ya kule chini kwenye propela imekufa, kuna ya mtumba Dar, milioni moja na laki sita mpaka inafika. Sijamkatalia ila hela hiyo sina. Mwenye kujua anisaidie kabla sijauza kiwanja.

chuma_chakavu
Pole mkuu. Hapo hakuna siri, gia zimekula. Lipa tu ufanye kazi. Boti ya zamani ni kama mke wa pili, ukishaingia umeingia.

Bwana_Mgebuka
Usikimbilie kulipa. Umecheki propela? Ndani ya propela kuna mpira umebanwa kati ya chuma cha katikati na hayo mapanga. Ukichoka unateleza, injini inalia boti haiendi, watu kibao wanafungua gia boksi bure kumbe ni propela tu.

Kipimo chake bei rahisi: chukua rangi ya kucha ya mama watoto, piga mstari mmoja kuanzia chuma cha katikati mpaka kwenye mwili wa propela. Nenda kimbiza boti, rudi uangalie. Mstari ukiwa umekatika, nusu iko huku nusu kule, mpira umeteleza. Ukiwa umenyooka propela haina kosa.

Mwana_Kibirizi
Asante Bwana Mgebuka, hiyo nafanya kesho asubuhi. Rangi ya kucha naipata kwa dada yangu ila itabidi nieleze ya nini 😂

Mnyamwezi_Halisi
Mie niko Tabora huku, maji makubwa tunayoyajua ni bwawa la Igombe, kwahiyo ya boti siyajui. Ila hiyo KHA KHA ndo kitu pikipiki yangu ilinifanyia namba mbili. Ukiwa tambarare haina shida, ukipanda kilima inaruka. Fundi alipofungua akanionesha vijino vya ubavuni mwa gia vimelika pembe vimekuwa duara. Haikuwa gia yote, ni kapande kamoja na uma wake. Sijui kama boti ni hivyohivyo.

Fundi_Katonga
Wewe wa Tabora umeongea kuliko wote hapo juu.

Mwenye uzi, nimefungua hizi injini miaka mingi, nisikilize vizuri. Kule chini kwenye mguu, ile sehemu ya injini inayozama majini, kuna gia tatu, zinashikana muda wote. Moja ndogo ya juu inayoletwa na shafti inayoshuka toka kwenye injini, inazungusha mbili, ya mbele na ya rivasi. Hizo mbili zinazunguka kila injini ikiwaka, moja huku nyingine kule, hata ukiwa fri. Katikati yake kuna kitu kama pete nene yenye meno makubwa pande zote mbili, sisi tunaita klachi ingawa haifanani na klachi ya gari. Hiyo ndo imeshikana na shafti ya propela. Ukisukuma mkono mbele, pete inateleza kwenda kuuma gia ya mbele. Ukirudisha inaenda kuuma ya rivasi. Ikikaa kati hiyo ni fri.

Kwahiyo kazi yote ni meno kuuma meno. Meno mazima yana kamwinamo kidogo, mzigo ukija unayavuta yazidi kuingia ndani. Yakishaliwa pembe yakawa duara, mzigo uleule unayasukuma nje. Ndo hiyo KHA yako. Mpira wa propela ukiteleza haugongi namna hiyo, injini inapanda tu taratibu kama mtu kakanyaga ganda la ndizi.

Sasa swali ambalo fundi wako hajakuuliza: meno yameliwa na nini? Klachi hailiki yenyewe tu. Nijibu haya:
Ukiingiza gia unaingiza polepole au kwa mkupuo?
Oili ya gia umebadili lini na ilikuwa rangi gani?
Mkono wa gia ni mwepesi au mgumu?
Ukiushikilia mbele kwa nguvu wakati inaruka, inaendelea kuruka au inatulia?

Mwana_Kibirizi
Shikamoo fundi.

Naingiza polepole kwa kweli, naionea huruma maana ya zamani. Oili sijawahi kubadili toka ninunue 🙈. Mkono ni mgumu lakini nilijua ndo zilivyo.

Hilo la mwisho umenishtua. Siku ile ya dagaa kijana wangu alikuwa anasukuma mkono kwa goti, tukaona inashika kidogo, tukaenda kama dakika kumi hivi kabla haijakataa. Nilidhani ni bahati.

Fundi_Katonga
Marahaba. Hiyo haikuwa bahati, goti la kijana ndo limekupa jibu. Kama kusukuma mkono kunaisaidia gia kushika maana yake gia haifiki mwisho wa safari yake. Klachi inauma kwa ncha tu. Anza juu ushuke chini, usianzie chini.

Na acha huruma ya polepole. Hizi gia zinataka injini iwe silensa kabisa halafu uingize kwa mkupuo mmoja, tak. Ukiingiza pole meno yanasuguana kabla hayajashikana, ile krrrr unayoisikia ndo chuma chako kinaondoka. Huruma yako ndo imeila.

Kesho fanya hivi. Injini ZIMA, na ile kamba ya dharura ya kuzimia itoe kabisa uweke mfukoni, kuna mtu hapa ziwani vidole vyake vimebaki kwenye propela. Fungua waya wa gia pale unapoungana na injini. Shika kile kimkono cha gia cha injini yenyewe, peleka mbele kwa mkono huku mwenzio anazungusha propela taratibu kusaidia meno yakutane. Kikifika mwisho kabisa piga alama kwa peni. Rivasi nayo alama. Fri, propela izunguke huru pande zote mbili. Halafu rudishia waya, ingiza gia kwa mkono wa dereva, uone kimkono kinafika kwenye alama au kinaishia njiani.

Na uone uzito. Kama bila waya kimkono ni laini na ukirudishia waya kinakuwa kigumu, ugonjwa uko kwenye waya au boksi la dereva. Kama hata bila waya ni kigumu, ugonjwa uko chini.

mama_dagaa
Samahani nje ya mada kidogo. Hizo gunia nane za dagaa zilifika? Naona kama ni za mtu ninayemjua, aliniambia mzigo umelowa.

Mwana_Kibirizi
Zilifika mama, mbili zililowa, tumezianika upya tukamalizana naye vizuri. Usinichome tafadhali.

Pwani_Mtu
Mie niko Bagamoyo. Huku nyaya zinaliwa na chumvi ndani ya mwaka au miwili, huwa hatuhangaiki tunabadili. Ila nyie maji yenu baridi hayana chumvi, sidhani kama waya ni tatizo.

Fundi_Katonga
Kaka wa pwani, maji ya ziwa hayana chumvi lakini mvua inanyesha Kigoma kama kwenu. Maji yanapitia kwenye boksi la dereva yanaingia ndani ya ganda la waya, boti inakaa miezi bila kazi, kutu inashika. 2024 ziwa lilipofungwa kuvua kuanzia Mei mpaka Agosti boti nyingi zilikaa juu mchangani, walipozirudisha majini nilipokea nyaya zilizoganda mpaka nikazichoka. Ukiona ganda la plastiki limepasuka au limevimba mahali, hapo ndani kuna kutu. Na usidanganywe kumimina oili ndani, utapata wiki mbili tu.

Mwana_Kibirizi
Wakuu nimerudi na majibu. Asubuhi nimeenda na kijana wangu na dada yangu (kakataa kunipa rangi ya kucha bila kuja kuona inatumikaje).

Moja, mstari wa rangi uko palepale baada ya kukimbiza mpaka karibu na Katonga na kurudi huku inaruka. Propela haina kosa.

Mbili, bila waya kimkono cha injini ni laini kama siagi, mtoto anaingiza. Nikirudishia waya mkono wa dereva unakuwa mgumu vilevile.

Tatu, na hii ndo imenimaliza, kwa waya kimkono hakifiki kwenye alama ya mbele. Kinaishia kama milimita sita hivi kabla. Upande wa rivasi kinafika kabisa.

Halafu dada yangu ndo kauliza swali ambalo sisi wote tumepita, eti "mbona huu waya umezungushwa hapa kama nyoka?" Nikafungua mbao ya pembeni. Mwenye boti wa kwanza alikuwa amekaa mbele karibu na kioo. Aliyenitangulia mimi, yaani aliyeniuzia, alirudisha usukani na kiti nyuma ili apate nafasi ya wageni na mizigo mbele. Waya akaacha uleule mrefu, kilichozidi akakikunja duara mbili ndani akafunga na kamba ya katani!

chuma_chakavu
Nafuta kauli yangu ya mke wa pili. Mpe dada yako asilimia.

Fundi_Katonga
Huyo dada alete maombi ya kazi hapa Katonga.

Sasa nikueleze kwanini rivasi inafika na mbele haifiki. Ule waya kazi yake ni kuvuta na kusukuma. Ukivuta, wa ndani unanyooka unashika upande wa ndani wa ganda, nguvu inafika. Ukisukuma, unajikunja humo ndani, na kadri kona zilivyo nyingi na kali ndivyo safari inavyopotelea njiani kabla haijafika nyuma. Kwa boti yako mbele ni kusukuma. Wewe unaona mkono umefika mwisho, kule nyuma klachi imeuma nusu. Mwaka mzima unabeba mizigo kwa nusu jino.

Kwahiyo fundi wako hajasema uongo, klachi yako naamini imeliwa. Ila ungeleta gia boksi ya mtumba ukafunga na waya huohuo, baada ya miezi kadhaa ungekuwa hapahapa unaandika uzi mwingine.

Bwana_Mgebuka
Mi nimejifunza. Lakini fundi, si anaweza kurekebisha tu ile nati ya mwisho wa waya ili kimkono kifike? Mbona inazungushwa kwa mkono.

Fundi_Katonga
Ile ni ya kuweka fri katikati, sio ya kutafuta safari iliyopotea. Akiizungusha kusogeza mbele ataiba kutoka rivasi, na fri itaanza kusukuma boti gatini. Halafu ile nati lazima iwe imeingia kwenye uzi wa skrubu ulio mwisho wa waya angalau milimita nane, watu wanaifungua mpaka inabaki imeshikwa na imani, inachomoka katikati ya ziwa. Waya mpya, wenye urefu wa boti ilivyo sasa. Pima kuanzia boksi kwa njia ile waya utakayopita, kona ziwe pana za kupinda pole, halafu uchukue waya wa futi zinazokaribia bila kuzidi sana.

Ukishapata waya ndo tushuke chini. Fungua ile skrubu ya chini ya oili, halafu ya juu. Uangalie oili na uangalie sumaku kwenye skrubu kama ipo. Unga mweusi laini kama masizi hiyo kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, hivyo ni meno. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa maji yameingia, sili zimechoka.

Mwana_Kibirizi
Oili imetoka. Sio nyeupe, ni ya kijivu hivi inameremeta ukiiweka juani. Kwenye skrubu kuna vipande vitatu, kimoja kama punje ya mchele.

fundi_welda_Ujiji
Mkuu usihangaike na spea za bei kubwa. Niletee hiyo klachi Ujiji, najaza meno kwa welding nakata na grainda, zinarudi kama mpya. Nimefanya nyingi.

Fundi_Katonga
Mdogo wangu wa Ujiji nakuheshimu, lakini hapana. Chuma kile kimefanywa kigumu kwa moto kiwandani. Ukikipiga welding unaua ule ugumu pembeni ya jino, kesho jino linapasuka linaingia kati ya gia ya mbele na ile ndogo, hapo ndo atalazimika kununua boksi nzima kweli.

fundi_welda_Ujiji
Sawa mzee ila kuna zinazotembea mpaka leo nilizozichomelea mimi. Mtumbwi wa kuvua karibu na ufukwe sio sawa na wa kwenda Kagunga, hapo nakubali.

Msafiri_Kalya
Nami nichomekee shida yangu wakuu. Yangu ya kushika mkono, haina waya. Ikiingia gia inazima. Nikiongeza silensa ili isizime inaingia kwa kishindo mpaka watu wanaanguka.

Bwana_Mgebuka
Yako sio gia, ni injini haina nguvu ya chini. Safisha kabureta, angalia plagi, na propela isiwe imezungukwa na nyavu. Silensa usiipandishe kuficha ugonjwa, utaua klachi kama mwenzio.

Pwani_Mtu
Kutoka udadisi tu, injini ya mwenye uzi ni ya mwaka gani? Maana kuna muda uzee ni uzee, unanunua mpya.

Mwana_Kibirizi
Karatasi zinasema 1999. Lakini ndugu yangu huku Kigoma usimwambie mtu chombo kimezeeka. Meli ya Liemba imeundwa Ujerumani 1913, ikaja vipande vipande, ikaunganishwa hapa, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na ikaendelea kubeba bibi zetu. Yangu bado mtoto.

Mwana_Kibirizi
Mrejesho baada ya siku kumi na mbili, samahani kwa kukaa kimya, waya ulichelewa kwenye basi.

Mguu tumeushusha na fundi mwingine kwa maelekezo ya Mzee Katonga ya simu. Kilichotusumbua ni ile fimbo ya gia inayoshuka toka juu, ukisahau kuifungua kwanza mguu haushuki, tukawa tunapigapiga na nyundo ya mpira kama wajinga nusu saa. Klachi upande wa mbele meno yameliwa kona zote, upande wa rivasi makali kama mapya. Gia ya mbele nayo vijino vyake vimeguswa. Mzee akasema nisiweke klachi mpya kwenye gia iliyoliwa, zitalana. Nikauliza kama naweza kuigeuza tu upande mzima uje mbele, akasema kuna aina zinageuzika ila yangu ina herufi F imegongwa, upande huo ni wa mbele basi.

Klachi, gia ya mbele, sili, gasketi, oili mpya na waya, jumla laki sita na arobaini pamoja na nauli ya mzigo. Mpira wa pampu ya maji tumebadili hapohapo kwa vile mguu ulikuwa chini tayari. Oili tumeijaza kwa tundu la chini mpaka ikatokea la juu, nilikuwa najua inamiminwa juu kama ya gari, kumbe hewa inabaki ndani.

Jana nimeenda Mwamgongo na watu tisa na mzigo. Resi yote. Haijaruka hata mara moja. Mkono mwepesi mpaka kijana wangu aliuingiza kwa kidole akaogopa.

Kitu kimoja, nikiwa fri propela inazunguka kidogo kidogo injini ikiwaka. Ni tatizo?

Fundi_Katonga
Hongera sana. Kidogo kidogo hiyo ni oili mpya nzito inaburuza, ikipata moto itapungua. Ishike kwa ubao, sio kwa mkono. Ikisimama kirahisi iache. Ikitaka kuondoka na ubao zungusha ile nati nusu mzunguko kuelekea rivasi upime tena. Na oili hii ya kwanza imwage baada ya masaa kumi, inabeba uchafu wa spea mpya kuzoeana. Baada ya hapo kila masaa mia au miezi sita.

Mwana_Kibirizi
Imesimama kwa ubao, tena kirahisi. Asante mzee, nikipita Katonga nakuletea samaki, mgebuka.

Mnyamwezi_Halisi
Na sisi wa Tabora tuliochangia?

Mwana_Kibirizi
Nakutumia kwa treni, wa kukaushwa. Sema tu stesheni nani atapokea.

mama_dagaa
Kijana, Jumatano nina gunia kumi na mbili Mwamgongo. Unabeba au bado unaogopa kusi?

Mwana_Kibirizi
Nabeba mama. Ila safari hii leta na turubai.